Nitakuwekea: Hela ya Mtoto ni ya Nani?

Siku ya Idi tatu, barazani kwa wazazi wangu Ngamiani, Tanga, mtoto wa kaka yangu mwenye miaka 10 alimwendea mama yake akaomba shilingi 6,000. Watoto wa mtaani walikuwa wanachangishana wanunue mpira. Hakuomba apewe, aliomba arudishiwe. Tangu Idi mosi alikuwa amepita kwa ndugu na majirani akipokea mkono wa Idi, na kila alichopata alimkabidhi mama yake, aliyemwambia maneno ambayo sisi tuliokulia pwani tunayajua: "Lete, nitakuwekea."

Hela haikuwapo. Ilikuwa imenunuliwa unga, na nyingine imeongezewa kwenye gesi. Mama yake akamjibu, "Ipo, nitakupa kesho." Mtoto akainamisha kichwa, akaenda zake. Ndipo mjomba wake akauliza kwa upole kama kuna mtu barazani pale aliyewahi kurudishiwa hela yake ya Idi alipokuwa mdogo. Tukatazamana. Hakupatikana hata mmoja.

Mazungumzo yaliyofuata yalikwenda mpaka alasiri. Nayaandika kwa idhini ya wote, nikiwataja kwa nafasi zao katika ukoo, kwa sababu jambo hili ni la kila nyumba. Babu alisomesha shule za msingi mpaka alipostaafu. Bibi amekuwa kijumbe wa upatu kwa miaka mingi. Mama wa mtoto, wifi yangu, anauza chai na vitumbua asubuhi. Mjomba ni karani wa mikopo katika chama cha akiba na mikopo. Mimi ni shangazi, na siku hiyo kazi yangu kubwa ilikuwa kusikiliza.

MAMA: Kaka, umeniaibisha mbele ya wakwe zangu. Hela ya mtoto ni ipi? Huyu anakula kwangu, anavaa kwangu, akiumwa nakesha mimi. Shule wanasema haina ada tangu 2016, sawa, lakini sare, viatu na madaftari nani ananunua? Hela ikiingia nyumbani kwangu tayari ina kazi inaisubiri. Nimechukua, nimempikia. Amekula hela yake mwenyewe.

MJOMBA: Dada, sikatai kwamba umempikia. Ungemwambia, "Mwanangu, gesi imeisha, naomba nitumie hela yako," nisingefungua mdomo. Wewe ulisema utamwekea, na leo umesema ipo. Mtoto wa miaka 10 si mjinga. Anajua haipo. Amejifunza somo lake la kwanza la fedha, kwamba ukimpa mtu hela akutunzie, imekwenda.

BABU: Kijana wangu, ngoja kidogo. Mimi naona kosa limeanza nyuma ya hapo. Kosa ni kumjaza mtoto hela mkononi. Mwaka 1967 nilikuwa darasa la tatu. Februari likatoka Azimio la Arusha, Machi Mwalimu Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea. Tulifundishwa kwamba fedha si msingi wa maendeleo. Msingi ni watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora, na fedha ni matunda ya kazi. Shule ikawa na shamba. Tulilima, tulifuga, tukajua jasho kabla ya kujua noti. Leo mtoto anajua noti kabla ya jasho, nanyi mnataka tumfundishe kuhesabu zaidi?

MJOMBA: Mwalimu, kwa heshima yako, kwenye shamba la shule mlilima na mkavuna. Mliuza kwa bei gani, nani aliandika, fedha zilikwenda wapi? Wanafunzi mliambiwa?

BABU: Wakati mwingine tuliambiwa. Mara nyingi hapana.

MJOMBA: Basi mlijifunza nusu. Mimi kila siku nakaa na watu wazima waliojifunza hiyo nusu. Wana bidii, wanaamka saa kumi usiku, lakini hawajui kusoma deni. Mtu anakuja kwetu akimbie mkopo wa kausha damu. Amekopa 100,000, kila mwezi anatakiwa kutoa riba ya 30,000. Anaona elfu thelathini si nyingi, anaipata. Hesabu mwaka mzima: ametoa 360,000, na ile laki moja bado anadaiwa. Namwandikia hesabu hiyo kwenye karatasi, analia. Ni hesabu ya kuzidisha, aliisoma shule ya msingi. Hakuna aliyemwonyesha kwamba ile ya darasani ndiyo hii.

BABU: Hapo umenigusa. Tulifundisha fedha kwenye Hisabati, nami nimeifundisha sana, kujumlisha shilingi na senti. Watoto walikokotoa senti ambazo hawajawahi kuziona kwenye duka lolote. Nashukuru mtaala ulioanza 2024 umeleta Elimu ya Biashara sekondari. Lakini huyu wetu ana miaka 10, na sekondari bado iko mbali.

MAMA: Mnazungumza kama vile watu wanakopa kwa kukosa hesabu. Kaka, anayekopa kausha damu hesabu anaijua. Anakopa kwa sababu mtoto ana homa usiku huu. Usinifundishe kuweka akiba wakati hakuna kinachobaki. Hiyo elimu yenu ya fedha haizai fedha.

Hapo kulikuwa na kimya, na naona ni haki kusema kwamba mpaka mwisho wa kikao hakuna aliyelijibu neno hilo likaisha. Wifi yangu alisema kweli. Kuna nyumba ambazo kumhubiria mtu akiba ni kumdhihaki, na anayeandika kuhusu elimu ya fedha bila kukiri hivyo anawaandikia walioshiba tu. Bibi ndiye aliyelipokea.

BIBI: Mwanangu, unayosema ni kweli tupu. Lakini nikuulize. Upatu wetu tuko wanawake 10. Kila wiki kila mmoja anatoa 10,000, mmoja wetu anapokea 100,000. Kati yetu yuko mwenye nafasi?

MAMA: Hayuko, mama.

BIBI: Hayuko. Mmoja anauza mihogo, mmoja anafua nguo za watu. Upatu hauongezi hata senti moja. Unachotoa ndicho unachopata. Lakini elfu kumi kumi zingeyeyuka kwenye vidogo vidogo, na laki moja inanunua cherehani au inalipa kodi ya chumba. Wenye nacho wana benki. Sisi tusio nacho tuna kuaminiana. Basi kuaminiana ndiyo mali yetu, na mali hiyo mtoto wa maskini anaihitaji kuliko mtoto wa tajiri.

MJOMBA: Na kijumbe akichelewesha siku moja?

BIBI: Siku moja tu! Mwaka mmoja nilifiwa siku ya kutoa. Niliwatuma mabinti zangu wawili wapeleke hela ya watu ndipo waje msibani. Huyu mwandishi hapa ni mmojawao, muulizeni. Kijumbe akila upatu wa mtu, hata akirudisha baadaye, mchezo umevunjika. Sasa mwanangu, nisikilize na usikasirike. Siku ile ulipomwambia mwanao nitakuwekea, ulikuwa kijumbe wake. Yeye alikutolea zamu yake yote. Kijumbe haruhusiwi kula halafu aseme ipo.

Wifi yangu hakujibu. Nami nakumbuka siku ile ya msiba. Tulitembea na ile hela imefungwa kwenye pindo la khanga, tumeshikana mikono, tunalia, na tuliyempelekea alihesabu mbele yetu kisha akatupa pole. Sijawahi kufundishwa somo la fedha lililonikaa kama lile, na hakuna aliyeniambia kwamba nafundishwa.

BABU: Mke wangu ameleta neno la amana, nami naliunga mkono. Katika Sura ya An-Nisaa, walezi wa yatima wameamrishwa wawajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa. Wakiona wana busara, wawakabidhi mali yao, na siku ya kukabidhi waweke mashahidi. Agizo hilo nimelisoma mara nyingi nikidhani linawahusu mayatima tu.

MJOMBA: Na tazama hilo neno kuwajaribu, Mwalimu. Mtoto asiyeshika hela utamjaribuje?

BABU: Nimekuelewa. Ashike, lakini kidogo, na tumwone. Ila nina sharti, na hapo sitarudi nyuma. Asilipwe kwa kazi za nyumbani. Ukimlipa mtoto kwa kuosha vyombo, kesho atakudai nauli ya kukusindikiza hospitali. Nyumba si kiwanda.

BIBI: Hapo nami nipo na wewe.

MJOMBA: Basi apate kazi yake mwenyewe. Wako watoto wanauza barafu za ubuyu baada ya shule. Auze.

BABU: Barabarani? Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, na huyu ana 10. Halafu mtoto akizoea chenji ya barabarani, shule inaanza kumkera. Nimewapoteza wanafunzi hivyo, wazuri wa hesabu kuliko wote darasani. Mimi nitampa mtetea mmoja. Amlishe mwenyewe, aandike pumba imegharimu ngapi. Akiuza mayai, atoe kwanza hela ya pumba, kinachobaki ndicho chake. Ajue kwamba hela iliyoingia siyo faida. Hiyo ndiyo Elimu ya Kujitegemea, safari hii ikiwa na daftari.

Hapo mazungumzo yakahamia kwenye kuweka. Bibi alitaka mtoto anunuliwe kibubu. Mjomba alicheka, kisha akasema ana wasiwasi nacho.

BIBI: Wasiwasi gani? Kibubu mtoto anakisikia. Anakitikisa, anajua kinajaa. Haba na haba hujaza kibaba.

MJOMBA: Mama, kibubu kinalinda sarafu, hakilindi bei. Mwalimu, ulipoanza kazi noti kubwa kuliko zote ilikuwa ipi?

BABU: Nilianza 1978. Ilikuwa ya shilingi 100. Ukiwa nayo mfukoni unatembea umenyooka.

MJOMBA: Leo 100 ni sarafu, mtoto anaipeleka kununua pipi. Kama mwaka ule ungefukia noti 10 za mia ndani ya kibubu, leo ukikivunja ungekuta 1,000 ileile, na isingekutosha chakula cha mchana. Hakuna mwizi aliyeingia. Bei ndiyo iliyokula. Mtoto akijua hilo mapema, hatashangaa ukubwani. Kibubu ni cha kufundishia kusubiri, miezi mitatu, minne. Hela ya miaka inatakiwa iende inakozaa. Benki zina akaunti za watoto, mzazi akisimamia mpaka wafike 18. UTT AMIS wana Mfuko wa Watoto, unamnunulia vipande kidogo kidogo, ukijua kwamba thamani yake inaweza kupanda na inaweza kushuka.

BIBI: Na riba je? Sitaki mjukuu wangu ale riba.

MJOMBA: Haki yako, mama. Amana Bank ilifunguliwa 2011 kwa misingi ya Kiislamu, na benki nyingine zina madirisha ya namna hiyo. Hilo nalo mfundisheni, kwamba mtu anaweza kuuliza faida inatoka wapi kabla ya kuipokea. Hilo swali ni kinga. Mnakumbuka DECI, mwaka 2009? Watu walikuwa wanapanda mbegu ili wavune. Walipanda walimu, wachungaji, wauguzi. Hapakuwa na shamba wala kiwanda. Aliyevuna alivuna hela ya aliyepanda nyuma yake. Laiti kila mmoja angeuliza, "Hii faida inatoka wapi?" wengi wangebaki na hela zao.

MAMA: Nami niongeze, maana mimi ndiye niko nao mchana kutwa. Zamani mtoto aliona hela ikitoka. Unafungua pindo la khanga, unahesabu, yeye anaona imepungua. Tangu M-Pesa iingie nchini 2008, anachoona ni mama anabonyeza simu na mkate unakuja. Juzi mdogo wake nilimwambia sina hela, akanijibu, "Si ubonyeze!"

MJOMBA: Basi unapotuma, dada, muite. Mwonyeshe ujumbe ukirudi. Umetuma kiasi gani, makato kiasi gani, salio limebaki kiasi gani. Atajua kwamba hata kusafirisha hela kuna nauli. Na mwambie wazi kwamba ile sehemu inayosema kopa kwenye simu siyo salio lako, ni deni. Usipomfundisha wewe, vijana wa kijiweni watamfundisha. Watamwonyesha kuweka mkeka wa mechi za Jumamosi, na mkeka ukichanika atatafuta hela ya mkeka mwingine. Sheria inakataza aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini sheria haikai naye kijiweni.

MAMA: Na kwa Mangi muuza duka pia. Nikimtuma sukari namtuma robo, kwa sababu hela ya kilo sina. Juzi ameniuliza mbona robo ni 800 na kilo ni 3,000. Nikamwambia acha maswali, wahi.

BABU: Umemnyamazisha kwenye swali bora kuliko yote aliyouliza mwaka huu! Robo nne ni 3,200. Amegundua kwamba maskini ananunua sukari kwa bei ya juu kuliko tajiri. Nimefundisha miaka 40, wanafunzi walioliona hilo bila kuonyeshwa ni wa kuhesabu kwa vidole.

MAMA: Niliona aibu, baba. Ningemjibu nini? Kwamba mama yako hana elfu tatu kwa mara moja?

BIBI: Ndiyo. Umjibu hivyohivyo. Kisha umwambie, tukiweka 200 kila siku, baada ya siku 15 tutanunua kilo. Anunue yeye.

Mtoto alikuwa amerudi. Alikuwa amesimama mlangoni muda ambao hatukujua ni mrefu kiasi gani. Mjomba wake akamwita, akamwuliza kama anakumbuka alipata kiasi gani. Hakujibu kwa mdomo. Aliingia ndani, akatoka na daftari la mazoezi, akafungua ukurasa wa mwisho. Kwa penseli alikuwa ameandika: Babu 2,000. Bibi 1,000. Mjomba 5,000. Shangazi 5,000. Baba 3,000. Mama mdogo 1,000. Jirani wa mbele 1,000. Muuza barafu 500. Jumla 18,500. Chini yake: Anaweka Mama.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Watu wazima watano tulikaa barazani tukijadili kama mtoto yuko tayari kufundishwa fedha, na katika nyumba ile nzima hesabu ya hela hiyo ilikuwa na mtu mmoja tu, naye ana miaka 10.

Wifi yangu alilishika daftari muda mrefu. Kisha akasema, na namshukuru kwa sababu alisema mbele yetu sote.

MAMA: Mwanangu, nilikwambia ipo. Haipo. Nilinunua unga na nyingine nikaongezea gesi, na sikukuomba. Nisamehe. Leo nina 6,000 ya mauzo, chukua ukachange mpira. Zimebaki 12,500. Nitakupa 2,500 kila Jumamosi, Jumamosi tano. Andika.

Akaandika. Babu akatia saini kama shahidi.

Sasa naomba niseme langu. Nimesikia hoja zote na nyingi nimezikubali. Babu ana haki kwamba jasho litangulie na kwamba upendo wa nyumbani usitiwe bei. Mjomba ana haki kwamba mtoto asiyejua kusoma deni atakuja kuliwa na deni. Wifi yangu ana haki kwamba elimu haimpi mtu kipato, na wenye mamlaka wasije wakajificha nyuma ya elimu ya fedha waache kushughulikia mishahara, bei na mikopo ya unyonyaji. Lakini nikitakiwa kuchagua linalotangulia, namfuata Bibi. Akiba, riba, bajeti na vipande ni ghorofa za juu. Chini kabisa pana amana. Mtoto aliyekabidhi hela yake isirudi, anakua akiamini kwamba hela iliyo salama ni ile iliyokwisha kutumika. Hapo hata benki ikija na zawadi, hataiamini.

Basi mzazi mwenzangu, Idi ijayo, Krismasi ijayo, au siku yoyote mgeni atakapompa mwanao noti, ukisema nitakuwekea, iweke. Ukihitaji kuitumia, mwombe na mwambie ni ya nini. Ukiitumia, andikeni. Ukishindwa kuilipa yote, lipa kidogo kidogo mbele ya shahidi.

Jumamosi ya kwanza imepita. Shilingi 2,500 zimelipwa na zimeandikwa. Zimebaki 10,000.